Bi Wembe na Nywele za Marehemu

Sehemu ya Saba: Paka Hatoi Ushahidi

"Toka! Najua umo humo!"

Maneno hayo ndiyo yaliyotuachanisha, msomaji, na tangu hapo Bi Wembe yuko pale pale tulipomwacha: chini ya kitanda cha marehemu, kifudifudi kwenye vumbi, na nusu ya makalio yake imegoma kuingia. Viatu vyeusi vinavyong'aa vimesimama mbele ya pua yake.

"Toka nimesema! Mwizi mkubwa wewe!"

Bi Wembe akafumba macho. Akatafuta uongo wa kusema, akaupata, akafungua mdomo. Hapo hapo kitu chenye manyoya kikampitia mgongoni, kikatoka kwa maringo na kwenda kukaa katikati ya chumba.

Paka. Mwanaume mzima alikuwa akimfokea paka.

"Supu ya marehemu umeimaliza bakuli zima," ile sauti ikaendelea, "na bado hujashiba. Mto wake huo umekuja kuufanyia nini?"

"Supu gani?" kitanda kikauliza.

Viatu vikaruka juu ya kiti. "Marehemu, nisamehe! Sikuchukua kitu! Ni zile soksi za sufu tu, na mto mmoja, na mto wenyewe nitaurudisha!"

Bi Wembe akajikokota kutoka chini ya kitanda, ana utando wa buibui kichwani, akasimama akamtazama mtu aliye juu ya kiti kama mtu anavyotazama unywele kwenye chakula chake. Alikuwa Jaji.

Jaji hakuwahi kuhukumu hata mbuzi. Alikuwa mlinzi wa mlango wa mahakama mpaka alipostaafu. Lakini kwa kuwa hakuna jambo asilolitolea hukumu, mji ulimpa cheo ambacho serikali ilimnyima, na sasa alikuwa mpangaji wa chumba cha mwisho katika gesti hii iliyotazama bahari, ambayo bati lake lililiwa na chumvi zamani.

Kwa wewe uliyeanza kusoma leo: mwenye gesti, mjane mnene mwenye amri nyingi, aliyeitwa Bibi wa Gesti, alikutwa asubuhi moja amekufa kitandani, na bakuli tupu la supu kando yake. Daktari aliona povu mdomoni akasema sumu. Supu ilipikwa na Mpishi. Inspekta akajumlisha moja na moja akamtia Mpishi pingu. Huyo Mpishi ni mdogo wake Bi Wembe, tumbo moja, ndiyo maana Bi Wembe kaingia humu kwa siri kutafuta ukweli, na kesho asubuhi gari la polisi linampeleka jela kuu. Mtu akishapelekwa kule, mji huu humsahau haraka kuliko unavyosahau madeni.

"Paka alikunywa supu lini?" Bi Wembe akauliza.

"Jioni ile ile. Bibi hakuigusa. Ilipoa kwenye meza ya sebuleni kwake, paka akapanda akamaliza."

"Ulionaje?"

"Nilikuwa nimesimama nje, natazama bahari."

"Bahari iko upande mwingine."

Jaji akakohoa. "Nilikuwa naelekea kuitazama."

"Na kwa nini hukumwambia Inspekta?"

"Hakuniuliza."

"Tangu lini wewe unasubiri kuulizwa?" Bi Wembe akamtazama paka. Paka alikuwa anajilamba tumbo, mnono, macho maangavu. Kama supu ile ilikuwa na sumu, basi sumu hiyo inanenepesha.

Tena, supu iliyoachwa sebuleni, bakuli lake limefikaje kitandani?

Akainama tena kuokota kiatu chake kilichobaki chini ya kitanda. Mkono wake ukagusa kitu cha mviringo, laini, baridi. Akakivuta. Jaji akapiga ukelele wa pili, maana kilichotoka kilikuwa kichwa cha mtu.

"Nyamaza. Ni cha mbao."

Kwa Bi Wembe hakikuwa kitu kigeni. Alikinunua yeye mwenyewe. Na hapa msomaji ujue siri ambayo fundi huyu wa nywele aliitunza kwa miaka, yeye ambaye siri za wengine humponyoka kabla mteja hajashuka kwenye kiti: Bibi wa Gesti alikuwa na upara. Kichwa kitupu kama goti. Zile nywele nyeusi zilizokuwa zikimtangulia mtaani zilikuwa wigi, na kila usiku wigi lilivuliwa, likavikwa kichwa hiki cha mbao, kikawekwa kando ya kitanda. Bibi hakulala nalo hata siku moja. Alisema linamwasha.

"Jaji. Asubuhi ile mlango uliufungua wewe. Nywele zake zilikuwa wapi?"

"Swali gani hilo? Kichwani! Zimelala vizuri, hata unywele mmoja haujavurugika. Nilisema mbele ya watu wote, hata kifo kimemheshimu mama huyu."

"Kifo!" Bi Wembe akacheka kwa dharau. "Kifo hakijui kufunga vibanio."

Bibi hakufia kitandani. Alifia kwingine, amevaa, ameketi. Kuna mtu aliyembeba, akamlaza, akasukuma kichwa cha mbao chini ya kitanda, akaleta na bakuli.

Akatoka mbio. Jaji akabaki juu ya kiti na hukumu zake.

* * *

Ili kufika kituo cha polisi ilimbidi apite mbele ya saluni yake. Mlangoni alisimama wifi yake, anafagia.

Wifi huyu, dada wa mumewe, aliachika akaja kukaa kwa wiki mbili. Miaka imepita na bado hajauona mlango wa kutokea. Bi Wembe alimpa ufagio kwa kuwa hakuona kitu kingine anachoweza kupewa mtu wa aina ile. Hata ufagio wenyewe aliushika kwa mkono wa kushoto, nywele za wateja zikarundikana upande ambao hakuna mtu mwenye akili angezipeleka.

"Wifi, vumbi lote hilo umelitoa wapi?"

"Fagia."

"Umempata aliyemwua?"

"Nimesema fagia. Mambo ya akili niachie mimi."

Ndani, kwenye benchi la nyuma, alilala mumewe. Bi Wembe alimwita Bwana Godoro, na si kwa mapenzi.

"Mke wangu, ukipita dukani niletee dawa ya kuchua," akasema bila kufungua macho. "Mgongo unaniuma tangu wiki iliyopita."

"Mgongo unakuuma kwa kazi gani? Ya kujigeuza?"

Akaenda zake. Mtu mwingine angejiuliza swali hilo mara ya pili. Lakini Bi Wembe alikwishazoea kuwauliza watu hawa wawili maswali ambayo hakusubiri majibu yake.

* * *

Inspekta alikuwa anakula karanga. Mtu wa sauti ya chini, tumbo limeegemea meza, maganda yametapakaa juu ya faili. Bi Wembe alimdharau tangu siku alipohamia, kwa sababu alikuja kunyolewa akasinzia kwenye kiti huku amefungua mdomo.

"Kaa, dada."

"Sikuja kukaa, afande. Nimekuja kukufundisha kazi."

"Nifundishe basi," Inspekta akasema, wala hakukasirika. Hilo peke yake lilipaswa kumtisha.

Akaeleza habari ya paka na supu.

"Paka hatoi ushahidi," Inspekta akasema.

"Paka yuko hai!"

"Paka huyo anakula panya waliokula sumu ya panya, na anazidi kunenepa. Endelea."

"Bibi alikuwa na upara."

Bi Wembe akangoja mshangao. Haukuja. Inspekta alivuta droo, akatoa mfuko wa nailoni, akautua mezani. Ndani yake lilikuwamo wigi.

"Nesi wa mochwari alishindwa kulivua," akasema. "Akakata utepe wa ndani, likatoka na vibanio vyake. Daktari alicheka mpaka akakaa chini. Wewe ni fundi, niambie unaona nini."

Nani aliwahi kumwuliza Bi Wembe anaona nini akanyamaza? Akalichukua, akaligeuza, akasahau kwamba yuko kituo cha polisi.

"Tazama hapa. Vibanio viwili kila upande, vimepishana nyuma ya sikio, ncha zimefichwa chini ya utepe. Upepo wa bahari ukivuma hautikisiki unywele. Hii si kazi ya mtu wa hivi hivi, afande. Hata marehemu mwenyewe hakuweza kujifunga hivi. Mkono haufiki."

Kitu kimoja alikiona. Vile vibanio vilipishana kinyume, kama vinavyoonekana kwenye kioo. Akafikiri ni nesi, kavivuta kwa ujinga wake. Akapuuza.

"Kwa hiyo," Inspekta akasema polepole, "marehemu alikufa akiwa amevaa hili, na mtu aliyemfunga siku ile ni fundi."

"Sasa unaanza kuelewa."

"Nani katika mji huu anaweza?"

"Mji huu? Mji ambao watu wanachana nywele kwa mikono? Hakuna! Ni mkono huu tu."

"Na jioni ile ulikuwa wapi?"

"Kwa mke wa Mkuu wa Gati, namtengeneza nywele, mbele ya ndugu zake wote. Kaulize!"

"Nimeuliza. Ni kweli." Inspekta akabonyeza karanga, ganda likapasuka. "Na hukumfundisha mtu mwingine?"

Bi Wembe akalirudisha wigi kwenye mfuko haraka, kama limemwunguza.

"Mke wangu huja kwako," Inspekta akaendelea, na sauti yake ilikuwa ya upole kabisa. "Anasema kila siku unawaambia wateja, mkono wako umemrithisha mdogo wako peke yake, wengine wote ni wafuga chawa. Mdogo wako huyo alikuwa akienda kumfunga Bibi asubuhi, kabla ya kupika. Si ndivyo?"

"Afande, hilo si..."

"Nilikuwa na kesi ya supu, dada, na ilikuwa nyepesi kama supu yenyewe. Sasa umeniletea kesi nzito. Alimfunga, akamwua, akambeba. Ila mdogo wako ni mwembamba na marehemu alikuwa na kilo zake. Basi alisaidiwa. Nani alimsaidia, atatueleza huko anakokwenda kesho." Akausukuma mfuko kwenye droo. "Asante kwa mafunzo."

Bi Wembe amejipalia makaa mwenyewe, kwa koleo lake mwenyewe, na aliyemshikia jiko ni mwanaume aliyemwona hana akili.

* * *

Walimruhusu kumwona mdogo wake kupitia wavu.

"Dada, umekuja kunitoa?"

Bi Wembe akausogelea wavu. "Niambie jioni ile. Yote."

"Nilipeleka supu. Akaniambia niiache mezani, niende nyumbani mapema, fundi wake anakuja."

"Fundi gani? Fundi wake ni mimi."

"Ndiyo."

"Na mimi sikwenda! Mara ngapi aliniomba nimfuate nyumbani nikakataa? Nilimwambia siendi kuinamia kichwa cha mtu sebuleni kwake kama mtumishi."

"Najua, dada. Lakini wiki kadhaa kabla ya hapo, nikija asubuhi kumfunga wigi namkuta ameshafungwa, vizuri kabisa. Nikamwuliza nani. Akacheka akasema, fundi wa saluni. Nikajua ni wewe, umelainika."

"Mimi nilainike?"

"Hata mimi nilishangaa."

"Na kwa nini siku zote hizi hukumwambia Inspekta kwamba kulikuwa na mtu anakuja?"

Mpishi akainamisha kichwa. Vidole vyake vilikuwa vimeshika wavu, na kucha bado zina weusi wa jikoni.

"Ningesema fundi wa saluni, wangekuja kukukamata wewe," akasema. "Nikaona bora mimi."

Hapo Bi Wembe, ambaye mji mzima uliapa kwamba hana machozi, akalia. Alilia kwa sauti, kamasi zikamtoka mbele ya polisi wa kaunta, wala hakujali. Mdogo wake alidhani dada yake ni mwuaji, na bado alikaa kimya ili amlinde. Naye dada amekuja na mdomo wake kumfungia mlango.

"Dada, kesho wananipeleka. Usiniache."

"Sikuachi. Nisikie, sikuachi."

* * *

Alirudi saluni jua likiwa bado kali, amefura macho. Alitaka kunawa uso tu. Kwenye kiti chake, kiti ambacho hakuna anayeruhusiwa kukigusa, alikuta mke wa Daktari ameketi, nywele zimeshabanwa kwa utepe, anajitazama kwenye kioo kwa furaha.

"Nani amekuhudumia?"

"Usikasirike, hukuwepo. Nilimwomba wifi yako." Mke wa Daktari akageuza shingo huku na huku. "Na nikwambie kweli, shoga, ana mkono mwepesi kuliko wako. Bibi wa Gesti, Mungu amrehemu, aliniambia. Alisema, siku ukimkosa Bi Wembe shukuru, mwombe yule anayefagia."

Bi Wembe alikuwa anatazama nyuma ya sikio la mteja. Vibanio viwili, vimepishana, ncha chini ya utepe. Vilipishana kinyume, kama kwenye kioo.

Wifi yake alikuwa ameegemea sinki. Kitana alikishika kwa mkono wa kushoto.

Mke wa Daktari akaaga, akatoka, kengele ya mlangoni ikalia. Wifi akamsindikiza mpaka kizingitini kwa adabu zote. Kisha akafunga mlango, akazungusha ufunguo, akautia mfukoni.

"Nani alikufundisha?" Bi Wembe akauliza.

"Wewe, wifi."

"Sijakufundisha kitu mimi!"

"Miaka yote hii nimesimama hapa nyuma yako na ufagio. Ulikuwa ukimfundisha mdogo wako, mimi nafagia miguuni penu. Ulisema maneno yote kwa sauti. Hukuwahi kunificha, kwa sababu hukuwahi kuniona." Wifi akatabasamu, na Bi Wembe akagundua kwamba hajawahi kumtazama usoni kwa muda mrefu kiasi hicho. "Bibi alikuomba umfuate nyumbani, ukakataa. Nikaenda mimi."

"Ukamwua."

"Usiseme usichokijua. Hiyo ndiyo tabia yako na ndiyo imemfunga mdogo wako."

Bi Wembe akarudi hatua moja, mgongo ukagusa kioo. Mdharau mwiba guu huota tende, mama yake alikuwa akimwambia, naye alikuwa akicheka. Sasa hakuna kilichomchekesha. Kesho asubuhi gari linaondoka na mdogo wake, na mtu pekee anayeweza kulizuia yuko mbele yake, ufunguo mfukoni.

"Wifi yangu," akasema, na neno hilo "yangu" lilikuwa geni mdomoni mwake. "Twende kwa Inspekta. Ueleze mwenyewe ilivyokuwa. Nitasimama na wewe."

"Utasimama na mimi!" Wifi akacheka. "Leo ndiyo umenijua? Hebu keti kwenye kiti chako. Nywele zako zina utando wa buibui. Nikuoshe."

"Sitaki."

"Keti, wifi. Na ufikiri, wewe mwenye akili. Mama yule alikuwa na kilo zake. Unadhani nilimbeba peke yangu?"

Nyuma, benchi likalia. Bwana Godoro, mtu ambaye hajawahi kuinuka bila kuitwa mara tatu, alikuwa amesimama. Mkono mmoja ameshika kiuno kinachomuuma. Mkono wa pili ameshika taulo.

"Mke wangu," akasema, na hakuwa na usingizi hata kidogo machoni. "Keti kama ulivyoambiwa."